Njia ya juu au njia ya chini: kisa cha mama kuvuka jangwa la Marekani mwezi wa nane

Shem, mume wa mdogo wangu, alituma picha mbili kwenye grupu la familia, zote za ramani ya safari yao ya gari kutoka Los Angeles kwenda Dallas, moja mstari wa buluu unapita juu, nyingine unapita chini, akaandika neno moja tu: "Chagueni." Kwetu hapa Makorora, Tanga, ilikuwa saa nne usiku, kule kwao Los Angeles saa sita mchana. Nusu saa haijaisha grupu zima lishachafuka, huyu juu, huyu chini, mjomba anasema wapande ndege yaishe, binti wa shangazi anauliza wapi kuna sehemu nzuri za kupiga picha. Mie nkakaa kimya kwanza. Nimeshika usukani wa basi Tanga–Dar miaka 14, lori mitano, na nnavojua mie mtu akikuuliza "ipi fupi" ujue bado hajauliza swali lenyewe.

Nakiandika kisa chote kwa sababu sikuizi wazee wetu wengi wanaenda kutembelea watoto huko, wanapakiwa kwenye gari wanakatizwa majimbo matatu manne, na njia inachaguliwa na simu. Simu haijui kama kiti cha nyuma kuna bibi wa miaka 71.

Wasafiri walikuwa watano. Mdogo wangu wa kike na mumewe, ambae ndo shem, watoto wawili, mmoja miaka sita mwingine miezi tisa, na mama yetu alokuwa kaenda kule kulea mtoto. Walikuwa wanahama moja kwa moja kwenda Dallas, shem kapata kazi, Agosti 2024, na gari ni yao wenyewe, ya mwaka 2011, imejaa mabegi mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Mama ana presha, anameza vidonge viwili, kimoja ni kile kinachomfanya aende msalani mara kwa mara. Hicho kidonge kikumbukeni, ntarudi kwake.

Sasa njia zenyewe. Ya juu ni barabara kuu inayoitwa I-40. Unatoka Los Angeles unapandisha mlima wa Cajon, unafika Barstow, unakatiza jangwa la Mojave mpaka Needles pale mto Colorado, ukivuka mto uko Arizona, unapita Kingman na Flagstaff, alafu Albuquerque kule New Mexico, alafu Amarillo ambayo ishakuwa Texas, ndo unateremka kwenda Dallas. Ya chini ni I-10, unapita Palm Springs, Indio, Blythe, Phoenix, Tucson, Las Cruces, El Paso, mbele huko ndani ya Texas unaiacha unashika I-20 mpaka Dallas. Na zote mbili, niliposhika kalamu nkajumlisha kipande kwa kipande, ni kama kilomita 2,300. Zote! Kwenye simu zilikuwa zinapishana kwa dakika tu, asubuhi inakwambia hii, jioni inakwambia ile. Kwaiyo ule ugomvi wa ipi fupi hapo ulikuwa umekufa tayari, watu hawajajua tu.

Shem alikuwa anataka ya chini, na sababu zake zilikuwa na kichwa na miguu. Phoenix ana rafiki yake wa chuo, wangelala bure na kula wali. Njia ya chini haipandi milima mirefu, na gari ni mzee. Alafu Phoenix na Tucson ni miji mikubwa, hospitali zipo, mafundi wapo. Nkamwambia shem hoja zako nazisikia, ila nipe siku mbili.

Kuna kitu kilinipata zamani ndo maana sikurupuki. Mwaka mmoja, masika yamekolea, nlikuwa na mzigo wa mtu wa kupeleka Bagamoyo na gari ndogo ya mizigo. Njia ya kawaida unaijua, Muheza, Segera, Mkata, unavuka Wami, unafika Msata, unakata kushoto zile kilomita 64 za Msata–Bagamoyo. Ukiangalia ramani inakuuma, maana unaingia bara weee alafu unarudi tena pwani, wakati kuna mstari mwingine umenyooka kabisa kando ya bahari, Pangani, unavuka na pantoni kwenda Bweni, Mkwaja, unapita Saadani, unatokea Bagamoyo. Nkashika ya pwani. Baada ya Mkwaja nkakutana na ule udongo mweusi wa mfinyanzi ukiwa umelowa, tairi zinazunguka gari haisogei, nlikaa pale kuanzia mchana mpaka kesho yake asubuhi, hamna gari hata moja lililopita, simu haina mtandao, na porini kule si mahala pa kulala mlango wazi maana Saadani ni hifadhi ya taifa, simba wapo. Kiangazi ile njia nimeipita mara kibao na ni nzuri mno. Njia ni ile ile, mwezi ndo sio.

Tangu siku ile nikiletewa njia mbili naulizia mambo matatu. Pale pabaya ni wapi, ntakuwa pale saa ngapi, na nikikwama pale nani ananikuta. Ukikwama Mkata au Kabuku shida yako ni ndogo, kabla hujafungua boneti ushazungukwa na vijana watano, mmoja fundi, mmoja anajua fundi, mmoja anauza machungwa. Kati ya Barstow na Needles ni zaidi ya kilomita 230 na katikati yake kuna vituo vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ukipita Ludlow unakwenda unakwenda, kulia mchanga na mawe, kushoto mchanga na mawe. Ya chini nayo kati ya Indio na Blythe ni hivo hivo. Kwaiyo pabaya papo kote, tusidanganyane.

Tofauti ikaja kwenye joto, na hapa ndo nlipotumia muda mwingi. Njia ya juu joto kali unalipata mapema, Barstow mpaka Needles mpaka unapoanza kupandisha kwenda Kingman, alafu basi, barabara inapanda. Kingman iko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Flagstaff iko kama mita 2,100. Kwa sisi watu wa Tanga nkawaambia hivi, Lushoto mjini ni kama mita 1,400, sasa Flagstaff imeipita Lushoto na bado. Mwezi wa nane mchana pale ni baridi ya shati la mikono mirefu ikinyesha. Njia ya chini ni kinyume, ukishuka bonde la Indio, ambalo liko chini kidogo ya usawa wa bahari, joto linakushika hapo na halikuachii Blythe, halikuachii Phoenix, halikuachii mpaka Tucson uko nalo. Phoenix mwaka 2023 ilikwenda siku 31 mfululizo joto la juu la siku halijashuka chini ya digrii 43. Siku thelathini na moja! Na wale wana AC mpaka kwenye banda la mbwa.

Kuna mtu kwenye grupu akasema mama kazaliwa Tanga atashindwaje joto. Hapo nlikasirika kidogo, nakiri. Joto la Tanga linakutangazia, nguo inagandana na mgongo, jasho linatiririka, unatafuta kivuli na maji mwenyewe. Joto la jangwani ni kavu, jasho linatoka na kukauka hapo hapo, unajiona mkavu kabisa huku mwili unaisha maji. Na mtu mzima kiu yake huchelewa. Nkaenda kwa mfamasia wa mtaani kwetu nkamtajia vidonge vya mama, akanambia hicho kimoja kazi yake ni kutoa maji mwilini, mtu anaekunywa hicho akipigwa na joto kali anaweza kuishiwa maji upesi, presha ikashuka, akaanguka anaposhuka kwenye gari. Akasema asikiache kwa kujiamulia, amuulize daktari wake kabla ya safari. Mdogo wangu akampigia daktari wa mama wa kule, akapewa maelekezo ya kufuata siku za barabarani. Ile simu moja ilikuwa na faida kuliko ramani zote zilizotumwa grupuni.

Jambo la pili ni mvua, najua inashangaza. Kule Arizona na New Mexico kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka mwisho wa wa tisa ndo msimu wao wa mvua za radi, zinakuja mchana mchana na jioni, na mbele ya mvua hutangulia ukuta wa vumbi. Ukuta kweli, unauona unakuja. Vinakolea kwenye mabonde ya kusini, Phoenix kwenda Tucson ni sehemu mojawapo, na mbele New Mexico karibu na Lordsburg kuna ziwa lililokauka ambalo upepo ukipiga barabara inapotea, watu washakufa hapo kwa magari kugongana. Na makorongo yao ni kama yetu, makavu mwaka mzima alafu siku moja yanabeba nyumba. Tarehe 19 Julai 2015 korongo liitwalo Tex Wash, karibu na Desert Center, lilijaa likabeba daraja la hiyo hiyo I-10, dereva mmoja akaumia, barabara ikafungwa siku kadhaa. Barabara kuu ya Marekani hiyo, sio ya kijijini Kwamsisi.

Kwa ajili ya vumbi nlimfundisha shem kitu kimoja ambacho dereva wa kwetu ataona ni ukichaa. Sisi tukikutwa na ukungu au vumbi tunawasha hazadi, tunawasha taa zote, tunatembea taratibu. Kule Arizona serikali inawafundisha kinyume. Unatoka nje kabisa ya lami mbali unavoweza, unazima taa zote, taa zote, hata hazadi, unavuta hendibreki, na mguu unautoa kwenye breki. Shem akanibishia sana. Nkamwambia fikiria uko ndani ya vumbi huoni kitu, mbele ukaona taa nyekundu mbili, utafanyaje? Akasema nitazifuata. Ehee. Na anaekuja nyuma yako atazifuata zako akijua unatembea, kumbe umesimama, anakuvaa na tani 30. Akanyamaza, alafu akaandika "nimeelewa shem". Mguu kwenye breki unawasha taa za nyuma, ndo maana unatolewa.

Ya tatu ni ndogo ila kwa mama haikuwa ndogo. Njia ya chini inapita karibu sana na mpaka wa Meksiko, na baada ya El Paso, pale Sierra Blanca, kuna kizuizi cha askari wa mpakani, kila gari linasimama, unaulizwa wewe raia wa wapi. Mama ana viza halali na pasi yake safi, hakuna la kuogopa, ila ni mtu anaetetemeka hata akisimamishwa na trafiki wa Pongwe. Njia ya juu haina kizuizi cha aina hiyo. Sikuipa uzito mkubwa, nlisema tu vyovyote vile pasi ya mama isiwekwe kwenye begi la chini, ikae mkobani kwake.

Kwaiyo nkasema juu. Lakini nkasema juu kwa sharti la saa. Watoke Los Angeles saa kumi alfajiri, Barstow wapite kabla jua halijachomoza sawasawa, Needles wafike saa mbili asubuhi, saa tatu unusu wawe Kingman wanakunywa chai. Mana milima ya njia ya juu nayo ina deni lake. Needles iko chini kabisa, mita kama 150 tu, na ukishavuka mto unapandisha mpaka Kingman, gari limejaa, AC iko kwenye mwisho, hapo ndo gari linapochemsha. Kule barabarani baadhi ya milima wanaweka kibao kabisa, zima AC kwa maili kadhaa usichemshe. Kijana atazima. Na mama na mtoto wa miezi tisa nyuma, digrii 45 nje, utazima? Ukizima unawapika wao, usipozima unapika injini. Dawa yake ni moja tu, usiwepo hapo mchana.

Alafu nkaomba picha za tairi. Shem akatuma picha nzuri, tairi kashata zote (ile michoro ya juu ya mpira) zinaonekana, akasema hizi bado mpya. Nkamwambia nitafutie ubavuni yale maandishi yanayoanza na DOT, mwisho wake kuna kiduara kirefu kina namba nne, nipigie picha hapo. Akalala chini na tochi ya simu. Ikaja picha: 3513. Hapo moyo ukanipiga. Namba mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, tairi imetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2013, ina miaka kumi na moja. Alinunua gari kwa mtu mzee alokuwa anakwenda nayo sokoni na kurudi, ndo mana kashata hazikuisha, lakini mpira hauulizi umetembea kilomita ngapi, unakauka na kupasuka ndani kwa ndani, na tairi kavu ukiipa joto, mzigo na spidi 120 inabasti. Nikawaambia kama hamna hela ya tairi nne basi hamna hela ya safari. Maneno makali ila nliyasema. Wakabadilisha zote nne, spea nayo ikakaguliwa upepo, rejeta ikasafishwa na kulanti ikawekwa mpya, hosi moja ilikuwa inavimba ikatolewa. Upepo wapime asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, na njiani tairi ikipata moto wasipunguze hata chembe. Madereva wetu wengi wanapunguza upepo ati kwa sababu ya joto, na ndo wanaiua tairi, maana ikilegea inajikunja zaidi na inapata moto zaidi.

Maji wakabeba galoni kumi, hesabu ya kama lita nne kwa kila mtu kwa siku na ziada.

Siku yenyewe ikaja, na mpango wangu ukavunjika kabla haujaanza. Mwenye nyumba alisema atakuja kukagua na kuchukua funguo usiku ule, akaja saa tatu asubuhi. Wametoka saa nne. Kwetu ilikuwa saa mbili usiku, nmekaa kibarazani nahesabu vidole, Barstow saa sita, Needles saa tisa mchana. Yaani wanakwenda kuingia kwenye ile sehemu mbaya kwenye ile saa mbaya kabisa, kwa miguu yao. Na hili nalisema wazi, hapa nlikosea mie. Nliwapangia saa nzuri, sikuwapangia wakichelewa wafanye nini. Dereva unaejua kazi unakuwa na jibu la kuchelewa kabla ya kuchelewa.

Nkapiga. Nkasema mkifika Barstow simameni, chukueni chumba, laleni mpaka jua lizame. Shem akakataa. Alishalipia hoteli Flagstaff na hela hairudi, na kuendesha usiku na familia hakupendi, na hilo la usiku nilimuunga mkono kwa sababu karibu na Flagstaff kuna wanyama wakubwa wanaofanana na paa wanavuka barabara usiku, ukimgonga mmoja gari imekwisha. Tukavutana. Nkasikia mdogo wangu anasema kwa nyuma "kaka muache basi". Alafu mama akachukua simu. Nkamuuliza mama unaonaje, akanambia, "Mwanangu, mie sijui Needles wala nini, ila nlipofungua dirisha hapa sheli nimeona kama nimeinama kwenye tanuri la mkate. Na wewe unasema mbele ndo kwenye moto?" Nkamwambia ndio mama. Akasema, "Basi mwambie shemejio mie najisikia kulala." Ikaisha hapo. Hakuna mkwe wa kubishana na hilo.

Wakachukua chumba cha moteli Barstow, mama akalala, watoto wakalala, shem nae mwisho akalala saa tatu nzima, mwenyewe baadae alisema hakujua kama amechoka kiasi kile baada ya kuhamisha vitu siku nne. Tukakubaliana kitu cha katikati, hawaendi Flagstaff, wanaishia Kingman, ni mwendo wa saa tatu tu. Wakaswali magharibi wakaondoka, tanki limejaa kabisa kwa sababu Needles mafuta ni ghali mno na ukivuka mto kuingia Arizona bei inashuka.

Kwetu ishakuwa asubuhi, nipo stendi Kange nakunywa chai, ikaingia sauti ya mama. Wako Needles, saa nne ya usiku. Anasema gari inaonyesha 104, yeye kaogopa, nkamwambia hiyo ni ya kwao, kwetu ni digrii 40. Akasema, "Digrii 40 usiku huu, jua halipo? Limekaa wapi hilo joto?" Nkamwambia limekaa kwenye mawe mama. Na ni kweli, lami na mawe yalikuwa yanarudisha kile yalichokunywa mchana kutwa.

Walipovuka mto na kuanza kupandisha, sindano ya joto ikaanza kunyanyuka. Shem alinisimulia baadae. Ilikuwa inakaa katikati siku zote, ikapita katikati, ikaenda robo tatu. Akafanya nlichomwambia, akazima AC, akafungua hita yote, vioo vyote chini, akapunguza mwendo akafuata nyuma ya lori kwenye njia ya kulia. Hita inasaidia kutoa moto wa injini, ni kama rejeta ya pili, ila moto wenyewe unakuja miguuni kwenu. Mama akalowesha kanga kwa maji ya galoni, moja akamfunika mtoto miguuni, moja akajifunika kichwani, akaanza kumuimbia mtoto. Dakika kama kumi na tano. Sindano ikarudi. Akawasha AC tena, na kadri wanavopanda ndo hewa inazidi kuwa nyepesi, Kingman walipofungua mlango mama akasema Alhamdulillah hapa navuta pumzi.

Sasa chukua zile dakika kumi na tano uzipeleke saa tisa mchana, nje digrii 45 na jua limekaa juu ya paa la gari, kanga inakauka kabla hujaifunga. Hapo ndo nnapopimia kisa chote. Gari ile ile, mlima ule ule, dereva yule yule. Hela ya hoteli ya Flagstaff ilipotea kweli na chumba cha Barstow wakalipia juu yake, mie mwenyewe nlimrushia shem mchango kidogo kwa sababu mpango ulikuwa wangu. Sijuti hata senti.

Zilobaki hazina mengi. Flagstaff walipita mchana kuna mvua, mama kavaa sweta, akanitumia picha ya misonobari akisema hii ni Magamba kabisa. Mbele kuna hifadhi ya miti iliyogeuka mawe, barabara yenyewe inapita humo, wakasimama, mjukuu akagusa gogo la jiwe. Waliingia New Mexico saa ikaruka mbele, wakaingia Texas ikaruka tena, maana Arizona haibadilishi saa zake kiangazi kama majimbo mengine, kwaiyo ukipanga muda wa kufika unapoteza saa mbili bila kuziona. Baada ya Kingman wakalala njiani mara mbili badala ya moja kama alivotaka shem, Dallas wakafika siku ya nne jioni.

Watu wameniuliza, kwaiyo wangepita chini wangekufa? Sisemi hivo. Maelfu wanapita I-10 kila siku ya Agosti na wanafika salama, na shem angekuwa peke yake na tairi mpya nisingefungua hata mdomo, angelala kwa rafiki yake akala wali wake. Nlichokuwa natafuta ni njia ambayo mambo yakiharibika, na yaliharibika, mama bado ana nafasi. Njia ya juu sehemu yake mbaya ni fupi, unaweza kuirukia usiku mmoja ukaimaliza. Ya chini sehemu mbaya ni ndefu, huwezi kuimaliza kwa saa tatu za usiku, utaikuta tena asubuhi. Ukitaka kujua hesabu yangu ilikuwa nini ni hiyo tu, hayo mengine yote yalikuwa ya kuongezea.

Mama karudi Tanga mwezi wa kumi na moja, mzima. Mwezi wa kumi na mbili shem akatuma tena ramani mbili grupuni, wanarudi Los Angeles wiki moja kwenye harusi ya rafiki yao, safari hii kaandika mwenyewe "juu kama kawaida". Nkamjibu hapana, Desemba piteni chini. Flagstaff inapata theluji zaidi ya mita mbili kwa mwaka, lami inakuwa barafu, na tairi zile tulizonunua si za theluji, wakati Phoenix mwezi huo watu wanakaa nje na fulana. Akashangaa, "shem si wewe ulosema juu?" Mama alikuwa kakaa pembeni yangu anachambua mchele, akaniambia nimpe simu. Akamrekodia, "Baba, jiulize kwanza ni mwezi gani, alafu nitumie ile namba ya tairi nione."